Boxer 100, Boxer 150, TVS au ya Kichina: ipi ya kwendea kazini?

Ukiingia Kariakoo kuulizia pikipiki, watu watano wa kwanza watakuambia Boxer 150. Muuza duka atasema hivyo, fundi aliyekaa kibarazani atasema hivyo, na bodaboda aliyekupeleka hapo atakuapia. Hawakudanganyi; wanakujibu kwa kazi yao. Bodaboda anapakia abiria wawili na mzigo juu, anatembea tangu alfajiri hadi usiku, na chombo chake kinajilipa kila siku. Wewe unakwenda kazini asubuhi na kurudi jioni, mara nyingi peke yako. Pikipiki yako haikuingizii hata mia. Kila lita ya petroli inatoka kwenye mshahara uleule unaolipa kodi ya nyumba na ada ya watoto.

Nimeona watu wakinunua pikipiki ya bodaboda kwa kazi isiyo ya bodaboda, kisha baada ya miezi michache wanaifunika turubai nyumbani na kurudi kugombania daladala kwa sababu mafuta yamewashinda. Inaniuma, maana pikipiki ndogo iliyochaguliwa vizuri ingewarudishia saa mbili kila siku. Kwa hiyo nitazilinganisha kwa macho ya mtu wa kwenda na kurudi.

Mimi natoka Pugu kwenda katikati ya jiji la Dar es Salaam kwa barabara ya Nyerere, kilomita 20 hivi kwenda na nyingine kama hizo kurudi, na huu ni mwaka wa tisa. Nilianza na ya Kichina ya cc 125, nikahamia Boxer 100 ambayo ndiyo ninayo hadi leo. Mdogo wangu yuko Mbezi na TVS HLX 125, tunabadilishana mara kwa mara. Boxer 150 ni ya shemeji yangu. Aliniachia miezi mitatu alipokwenda masomoni Dodoma, nikaitumia kama yangu. Kwa wasio wa hapa niongeze kwamba kwetu "bajaji" ni ile ya matairi matatu. Pikipiki ya kampuni hiyohiyo ya Kihindi, Bajaj ya Pune, tunaiita Boxer tu, na nitaiita hivyo.

Boxer 100 na Boxer 150

Boxer 100 ina cc 99 na nguvu za farasi nane na kitu. Boxer 150, licha ya namba iliyobandikwa ubavuni, ina cc 144.8 na nguvu za farasi 12. Ukisoma karatasi utaona ya pili imeizidi ya kwanza karibu mara moja na nusu, na utasema ongezeko la bei limejieleza lenyewe.

Sasa ingia barabarani saa moja asubuhi. Kutoka Gongo la Mboto hadi Tazara unapenya katikati ya magari kwa mwendo wa 20, 30, ukibahatika 40. Sheria yenyewe inakutaka usizidi 50 kwenye makazi ya watu. Katika mwendo huo Boxer 100 na Boxer 150 zinafika ofisini dakika ileile. Nimezipima. Siku nilizokuwa na ya shemeji nilitoka nyumbani saa ileile na kufika saa ileile, isipokuwa mfukoni nilikuwa nimepungukiwa.

Tofauti inaonekana mahali pengine. Ukiwa na mtu nyuma na unapanda mlima wa Pugu, Boxer 100 inakuomba gia ya tatu, wakati mwingine ya pili, na unaisikia ikihema. Ile ya 150 inapanda na gia ya nne bila neno. Ukitoka nje ya mji, tuseme unakwenda Kibaha au Mlandizi kila siku, kuna malori. Kulipita lori kwenye mwendo wa 70 kunahitaji pikipiki yenye akiba ya nguvu, na Boxer 100 ikifika 70 akiba yake imekaribia kwisha. Hapo sitakuambia ubane fedha. Mtu wa barabara kuu achukue 150, au angalau 125.

Kuna pia suala la mwinuko, ambalo watu wa Pwani hatulijui. Injini ya kabureta, kile kifaa kinachochanganya mafuta na hewa, hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda kutoka usawa wa bahari, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700. Boxer 100 iliyokuwa na farasi wanane Dar, kule inabaki na chini ya saba, na milima ya kule si ya mzaha. Ukiwa Mbeya, Njombe au Lushoto, iache Boxer 100 na uendelee na zilizobaki.

Lakini kwa Dar, Tanga, Mtwara, Morogoro mjini, Dodoma na miji mingine ambayo njia yako ni tambarare na uko peke yako, cc 99 zinatosha. Zinatosha kweli. Jambo linalowafanya watu wasiamini ni sauti: injini ndogo hupiga kelele zaidi ikifanya kazi ileile, na mtu anadhani inateseka. Haiteseki, imetengenezwa kuzunguka hivyo.

Mafuta, na hapa nitakaa kidogo

EWURA, mamlaka ya nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo namba zangu utazirekebisha mwenyewe. Nimeweka lita moja shilingi 3,000 ili hesabu iwe nyepesi. Kilomita 40 kwa siku, siku 24 za kazi, ni kilomita 960 kwa mwezi. Kilomita kwa lita ni zile ninazozipata mimi na ndugu zangu kwenye foleni halisi, si zile za kwenye karatasi ya duka, ambazo hupimwa barabara ikiwa tupu.

| Pikipiki | Km kwa lita | Lita kwa mwezi | Shilingi kwa mwezi |
|---|---|---|---|
| Boxer 100 | 55 | 17.5 | 52,000 |
| TVS HLX 125 | 48 | 20 | 60,000 |
| Boxer 150 | 40 | 24 | 72,000 |
| Ya Kichina cc 125 | 40 | 24 | 72,000 |
| Ya Kichina cc 150 | 35 | 27.5 | 82,000 |

Kati ya Boxer 100 na Boxer 150 kuna shilingi 20,000 kwa mwezi, yaani 240,000 kwa mwaka. Fedha hiyo ni tairi mbili na seti nzima ya cheni. Na hapo sijahesabu kwamba 100 ni rahisi zaidi dukani tangu mwanzo.

Uiangalie pia mistari miwili ya chini. Mtu ananunua ya Kichina kwa sababu bei yake ya dukani iko chini, halafu kila mwezi anarudisha sehemu ya alichookoa kwenye kituo cha mafuta. Kwa anayetembea kilomita 10 kwa siku, marejesho hayo ni madogo na ya Kichina inabaki na faida yake. Kwa anayetembea 40 au 60, faida inaliwa.

Jambo moja linaweza kuharibu jedwali lote, nalo ni kabureta. Fundi wa barabarani akiambiwa pikipiki haina nguvu, mkono wake wa kwanza huenda kwenye skrubu ya kabureta, anaifungulia mafuta. Pikipiki inachangamka kweli, na lita moja inaanza kukupa kilomita 30. Ukiona plagi imekuwa nyeusi tii na ina masizi makavu, mafuta yanaingia kupita kiasi. Plagi ya injini yenye afya ina rangi ya kahawia, kama udongo wa chungu.

Ya Kichina

SanLG, Fekon, Sinoray na nyinginezo. Watu wanazidharau, nami nataka nizitendee haki, kwa sababu ndani ya nyingi kati ya hizo kuna injini yenye historia nzuri.

Katikati ya miaka ya 1970 Honda walitaka pikipiki kwa ajili ya nchi kama zetu. Walikuwa wamegundua kwamba kwenye nchi hizo watu hawamwagi oili kwa wakati, na injini zao zilikuwa zikiharibika upande wa juu, pale kamshafti, mhimili unaofungua vali, inapokaa kwenye kichwa cha silinda na kusubiri oili ifike. Basi wakaibuni CG125: kamshafti wakaishusha chini karibu na oili, na vali zikawa zinasukumwa na fito mbili ndefu za chuma. Hakuna cheni ya taiming ya kulegea, na vipuri ni vichache. Wachina walipoinakili waliikuta injini inayovumilia uzembe kuliko karibu injini yoyote ya pikipiki. Ndiyo hiyo unayoisikia ikitikatika vijijini, ikiwa na mtu, mke, watoto wawili na debe la alizeti.

Kwa hiyo injini si tatizo. Yangu ilinipeleka kazini miaka mitatu na haikufa hata mara moja. Ina pia tairi za inchi 18, kubwa kidogo kuliko 17 za Boxer, kwa hiyo mashimo inayapita kwa upole zaidi, na spea zake ziko mpaka kwenye duka la dawa za mifugo. Fundi yeyote mwenye spana tano anaijua.

Tatizo ni vilivyofungwa kuizunguka ile injini. Yangu, ambayo jina lake sitalitaja, ilipoonja masika ya kwanza ekzosi ilishika kutu na kutoboka. Indiketa mbili zikafa. Waya wa klachi ukakatika nikiwa katikati ya taa za Tazara, na mwezi uliofuata ukakatika wa mafuta. Nati za madgadi zilikuwa zikifunguka zenyewe kwa mtikisiko, nikawa natembea na spana namba 10 kwenye begi la kazini. Kila kimoja kati ya hivyo kilikuwa cha shilingi elfu tano, elfu kumi. Lakini mimi nilikuwa na bosi, na bosi hapokei sababu ya waya wa klachi mara ya tatu. Bodaboda pikipiki yake ikigoma, anapoteza safari moja. Mwajiriwa anapoteza jina lake ofisini. Hapo ndipo nilipoanza kuihesabu upya ile nafuu.

Si zote ziko sawa. Haojue, kwa mfano, ni ya kampuni ya mji wa Jiangmen, China, iliyoshirikiana na Suzuki kwa miaka mingi, na umaliziaji wake uko daraja jingine. Bei pia inapanda. Ukitaka kujua ya Kichina uliyosimama mbele yake ni ya namna gani, iache injini. Shika swichi za kwenye usukani uzibonyeze mara kumi kumi. Angalia kulehemu kwenye fremu chini ya siti. Tikisa vioo. Pale ndipo mtengenezaji hubana fedha.

TVS HLX 125

Hii inasahaulika, na kwangu ndiyo inayostahili kuangaliwa na watu wengi zaidi. TVS, kampuni nyingine ya India, waliileta HLX Afrika mwaka 2013 kushindana na Boxer. Ya 125 inakaa katikati kwa kila kitu: bei, mafuta, nguvu. Mlima wa Pugu inaupanda na mtu nyuma kwa gia ya tatu bila kulalamika.

Inapoizidi Boxer, kwa mgongo wangu mimi, ni siti. Ni ndefu na laini, na shokapu za nyuma zinameza vizuri matuta ya Goba na Madale kabla hujafika lami. Mdogo wangu humpeleka mkewe kazini kila asubuhi kabla ya kwenda kwake, na yule mama alipopanda Boxer 100 yangu siku moja alishuka akishika kiuno. Mtu anayebeba mwenza au mtoto wa shule kila siku asinunue Boxer 100. Achukue HLX 125.

Inaposhindwa ni kwenye spea ukiwa mbali na miji. Dar, Mwanza, Arusha, hakuna shida. Ukienda nayo kijijini likizo na ikakata kitu, utakuta duka lina spea za Boxer na za Kichina, na za TVS unaambiwa subiri basi la kesho. Kwa pikipiki ya kazini hilo si kubwa. Kuna HLX 150 pia, na yote niliyosema juu ya Boxer 150 yanaigusa.

Siku ya kuiuza

Bei ya dukani ni nusu ya habari. Fanya hivi: nenda kijiweni au kwa madalali, ulizia pikipiki ya miaka mitatu ya kila aina unayoifikiria, toa bei hiyo kwenye bei ya mpya. Kinachobaki ndicho utakacholipa kwa kweli.

Utaona Boxer 150 inashuka polepole kuliko zote. Inauzika kwa siku moja, kwa simu moja, kwa sababu bodaboda wanaisubiri. Boxer 100 inafuata, HLX iko nyuma yake kidogo, na ya Kichina inapoteza thamani tangu inapotoka mlangoni mwa duka. Hii ndiyo hoja yenye uzito zaidi ya wanaosema Boxer 150, nami naikubali: kama unajua baada ya mwaka utahitaji kuiuza, 150 itakurudishia sehemu kubwa ya fedha yako. Lakini kinachouzika haraka huibwa haraka. Mwenye Boxer 150 anaweka bajeti ya cheni nene na kufuli, na analipia maegesho yenye mlinzi.

Breki na taa

Nawaona wanunuzi wakiuliza mwendo wa juu na hawaulizi inasimamaje. Pikipiki nyingi za bei hii zina breki za ndani ya ringi, mbele na nyuma, na baadhi ya matoleo yana diski mbele. Kama toleo la diski lipo na ongezeko la bei unalimudu, lichukue. Kwenye mvua, ukipita dimbwi la Jangwani au la Vingunguti, breki za ndani ya ringi zikiingia maji hukosa meno kwa muda. Ukitoka kwenye maji zibonyeze taratibu mara kadhaa zikauke kabla hujazihitaji.

Taa ni jambo la wanaorudi saa mbili usiku. Kwenye baadhi ya pikipiki za bei nafuu taa kubwa hupata umeme moja kwa moja kutoka kwenye injini bila kupitia betri, kwa hiyo ukiachia mafuta kwenye foleni taa nayo inafifia, na ukipita kwenye shimo taratibu ndipo huoni shimo. Iombe dukani: washa taa, acha injini isinzie, tazama ukutani. Kati ya hizi nne nilizozitumia, ya mdogo wangu ndiyo iliyokuwa na mwanga ulio thabiti zaidi.

Vespa, na ya umeme

Wifi yangu wa Unguja alinikemea kwamba kila nikizungumzia pikipiki nawasahau wao. Ana haki. Zanzibar kila skuta inaitwa vespa, na kwa mtu wa Mji Mkongwe, Michenzani au Mwanakwerekwe ni chombo bora kuliko Boxer yoyote. Haina gia za mguu wala klachi, miguu inakaa mbele imekingwa, na mwanamke aliyevaa buibui au gauni anapanda bila kurusha mguu. Mkoba wa soko unakaa miguuni. Inakula mafuta kiasi cha Boxer 150, na mkanda wake wa ndani hubadilishwa kwa muda maalumu. Ukikatika njiani haitembei hata kwa dua. Tatizo lake ni tairi ndogo. Shimo ambalo Boxer inalipita, vespa inaingia ndani yake. Kwa lami ya mjini, ndiyo. Kwa njia ya vumbi ya Chanika, hapana.

Ya umeme imeshika kasi Kigali, ambako Ampersand wana vituo vya kubadilishia betri, na Nairobi nako zinaonekana kila kona. Kwa kwenda na kurudi kilomita 40 inafaa kabisa, hakuna oili, hakuna plagi. Kabla hujaingia, uliza mambo mawili tu: betri ni yako au unaikodi, na kituo cha karibu na nyumbani kwako kiko wapi. Kama betri ni ya kukodi, ada yake ya kila siku ndiyo "mafuta" yako. Iweke kwenye lile jedwali.

Mpya au mkononi

Boxer 150 ya mkononi kwa bei ya Boxer 100 mpya ni mtego unaowanasa wengi. Karibu kila 150 inayouzwa mkononi imeshafanya bodaboda, na bodaboda anaweza kumaliza kilomita 100 na zaidi kwa siku. Kilomita za kwenye dashibodi usizitazame. Tazama mpira wa pedali ya gia na wa sehemu ya kuwekea miguu abiria. Ukiwa umelika ukawa laini kama sabuni, maisha yake yameshakueleza. Iwashe ikiwa ya baridi, na umwambie muuzaji asiitangulize kuipasha moto kabla hujafika. Moshi wa buluu mara nyingi ni ringi za pistoni zilizochakaa. Shika tairi la nyuma ulisukume kushoto na kulia. Likicheza, bushi zimekwisha.

Kisha kadi ya usajili. Namba ya injini na ya fremu zisomwe kwa macho yako mwenyewe, zilingane na za kwenye kadi, na jina la kwenye kadi liwe la anayekuuzia. Akisema "kadi ni ya mjomba", mjomba aje. Mkataba uandikwe mbele ya wakili au ofisi ya serikali ya mtaa, na umiliki ubadilishwe TRA, mamlaka ya mapato, wiki hiyohiyo. Pikipiki yenye jina la mtu mwingine ikifanya tukio, wewe na yeye mtatafutana mahakamani. Leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, haikuhusu kama hubebi abiria kwa malipo. Leseni ya udereva ya pikipiki inakuhusu, na bima inakuhusu, angalau ile ndogo ya madhara kwa wengine.

Kwenye bajeti yako, kabla hujataja bei ya pikipiki, toa kwanza ya helmeti. Ile inayotolewa bure na duka ni ya kumridhisha trafiki. Tafuta yenye alama ya viwango vya usalama ya ECE kwenye mkanda wa kidevuni, inayobana mashavu, ambayo ukiishika kidevuni na kuivuta haichomoki. Koti la mvua la vipande viwili pia, kwa ajili ya masika.

Basi uchukue ipi

Uko peke yako, njia yako ni ya lami na tambarare, hauzidi kilomita 50 kwa siku: Boxer 100, mpya. Hii ndiyo niliyoichagua mimi na ningeichagua tena kesho.

Una mtu nyuma karibu kila siku, au njia yako ina vilima na vumbi kabla ya lami: TVS HLX 125.

Unatembea barabara kuu pamoja na malori, unaishi nyanda za juu, au Jumamosi unataka kubeba mzigo wa shamba: Boxer 150, na ukubali mafuta yake.

Fedha iliyopo inafika ya Kichina tu na kazini kwako ni kilomita tano, sita: nunua ya Kichina bila aibu. Siku ya kwanza mpe fundi akaze nati zote, badilisha waya wa klachi na wa mafuta uweke imara, kisha vile vilivyotoka dukani vihifadhi chini ya siti kama akiba.

Yoyote utakayochukua, kilomita 500 za mwanzo iendeshe kwa upole, usivuke 50, usibebe mtu. Zikitimia, mwaga oili ile ya kwanza hata kama bado inaonekana safi. Ipokee kwenye bakuli jeupe uitazame juani: utaona vumbi la chuma linalometameta, yale ambayo vyuma vipya vimekwanguana vikizoeana. Weka oili ya 20W-50, lita moja hivi, na kuanzia hapo imwage kila kilomita 2,000. Yangu nimeandika tarehe na kilomita kwa kalamu ya rangi nyuma ya kifuniko cha pembeni, safu moja chini ya nyingine, na mwezi uliopita safu zimefika mwisho wa kifuniko, nimehamia cha upande wa pili.